Utendi wa Mwana Kupona, hati na sauti: shajara ya mradi

Januari

Tumeanza. Mradi wenyewe ni mdogo: watu watatu, kamera, kinasa sauti, na daftari la mistari ambamo Utendi wa Mwana Kupona umenakiliwa kwa hati za Kiarabu. Daftari ni mali ya familia moja ya Lamu. Aliyelinakili ni bibi yao, Mungu amrehemu, aliyejifunza kuandika chuoni, yaani kwenye madrasa ya Kurani, na akaendelea kuandika barua na mashairi kwa hati hizo hadi uzeeni. Wajukuu wake wanasoma Kurani vizuri, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizohizo kinawatatiza. Walituruhusu kulipiga picha kwa sharti moja, kwamba lisitoke nje ya nyumba. Tumelipiga sebuleni, karibu na dirisha, ukurasa baada ya ukurasa.

Tunachotaka kutoa ni toleo lenye safu mbili zinazotazamana: hati za Kiarabu kama bibi alivyoziandika, na usomaji wake kwa herufi za Kirumi katika Kiamu, lahaja ya Lamu, si katika Kiswahili sanifu. Pembeni, maelezo mafupi. Na pale wenye sauti watakaporidhia, sauti.

Kwa asiyeufahamu utendi huu: Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga yapata mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, na miongoni mwa waliopambana na Seyyid Said wa Unguja. Alifariki mwaka 1856. Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa alipokuwa akitunga, na analisema hilo tangu mwanzo: maradhi yamemshika hata yametimu mwaka, wala hajapata kutamka neno jema la kumwambia mwanawe. Ndipo anamwita aje mbele, akae, na wino na karatasi.

Utendi umechapishwa mara nyingi. Alice Werner aliutoa mwaka 1917, kisha yeye na William Hichens wakaufanya kitabu kizima mwaka 1934. J.W.T. Allen aliuingiza katika mkusanyo wake wa tendi wa mwaka 1971. Mtu anaweza kuuliza toleo jingine la nini. Jibu langu ni kwamba matoleo hayo yametushikisha karatasi, na karatasi peke yake haitoshi. Lamu utendi husomwa kwa mahadhi, na wanawake wengi wanaoujua waliupokea kwa sikio kabla hawajauona kwa macho. Nataka tufanye kazi inayowahesabu wasomaji hao kuwa wahariri wenzetu, si watoa habari wa kushukuriwa kwenye dibaji.

Februari

Mwezi huu wote tumekuwa kwenye herufi.

Hati za Kiarabu zilitumika pwani hii kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kirumi kushika nafasi, lakini Kiarabu hakina sauti zote za Kiswahili. Hakina p, hakina ch, hakina v, wala g ya «goti». Waandishi wa zamani walitumia herufi iliyo karibu: be ikabeba b na p, fe ikabeba f na v, shini ikabeba sh na ch, ghaini ikabeba gh, g, ng na ng'. Irabu za Kiarabu ni tatu, zetu ni tano, kwa hiyo kasra ni i au e, na dhumma ni u au o. Zaidi ya hayo, mara nyingi m au n inayotangulia konsonanti haikuandikwa kabisa. Mtu akiandika be mbili zenye fat-ha, alama ya a, juu yake, unaweza kusoma baba, papa, pamba au bamba. Karatasi inakupa yote manne na kukuachia uchague.

Wako wanaosema huu ni udhaifu wa hati. Mimi siamini hivyo. Hati hizi ziliandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kulijua shairi au walioijua lugha yake tangu utotoni; kazi ya maandishi ilikuwa kukumbusha, na hilo yalilifanya vizuri kwa mamia ya miaka. Ugumu tunaoupata sisi leo unatokana na kukatika kwa mnyororo wa usomaji. Wino hauna kosa.

Mfano mmoja umetukalisha siku nzima, na nauandika kwa sababu unaonyesha jinsi kazi inavyokwenda. Ubeti wenyewe ni huu:

Mama pulika maneno,
kiumbe ni radhi tano,
ndipo apate usono
wa akhera na dunia.

Katika daftari, vipande vitatu vya mwanzo vinaishia kwa nuni yenye dhumma, yaani no au nu. «Maneno» na «tano» tunavijua, vinaishia kwa o. Utendi unadai vina vya vipande vitatu vilingane, basi hata neno la tatu lazima liishie kwa no. Hapo kina kimetusaidia. Lakini silabi ya katikati ya neno hilo nayo ina dhumma, na kina hakiifikii. Ni usono au ni usuno? Matoleo ya kuchapishwa yana «usono», mapumziko, utulivu wa nafsi, na ndivyo ilivyo. Hata hivyo, anayelisoma daftari bila kitabu pembeni na bila kukijua Kiamu hana njia ya kufika hapo kwa macho peke yake. Sheria za utunzi zinakufikisha mlangoni, na aliyemsikia mamake akisoma ndiye anayekufungulia.

Tumekubaliana kuandika kwa tabaka tatu. La kwanza ni herufi kwa herufi, bila kukisia chochote: alichoandika bibi ndicho tunachoandika. La pili ni usomaji wa Kiamu. La tatu ni maelezo ya kwa nini tumesoma hivyo, na nani ametupa usomaji huo: vina, mizani, chapa ya zamani, au msomaji wa Lamu. Kila kipande kinapewa namba ya ubeti na ya kipande ili mtu yeyote aweze kurudi kwenye picha akahakikishe.

Kompyuta imetusumbua kidogo. Bibi aliandika ubeti mzima katika mstari mmoja, vipande vinne vikitengwa kwa alama ndogo kama ilivyo desturi ya wanakili wa huku. Ukiweka mstari wa kutoka kulia ndani ya ukurasa wa kutoka kushoto, alama hizo zinahamahama. Mwenzetu wa upande wa mitambo ametenga kila tabaka katika faili yake na kuyaunganisha kwa namba. Herufi za nyongeza kama pe yenye nukta tatu zipo katika kompyuta siku hizi, lakini katika tabaka la kwanza hatuzitumii pale ambapo bibi hakuzitumia.

Machi

Ramadhani imeingia, kwa hiyo hatuendi kurekodi. Wanawake tunaotaka kuwasikiliza wana kazi ya futari mchana na tarawehe usiku, na si heshima kuwabebea vinasa sauti wakati huu.

Nimeutumia mwezi kusoma juu ya waliojaribu kuzirekebisha hati hizi. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alitoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na alijali sana kwamba kila sauti ya Kiswahili iwe na alama yake. Miaka mingi baadaye Maalim Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefanya kazi London, alishirikiana na P.J.L. Frankl kupendekeza utaratibu kamili mwaka 1997. Juhudi hizi zinanigusa. Hawa hawakuwa watu wasiojua Kirumi. Waliona kwamba Mswahili wa pwani alikuwa na maandishi yake, yenye historia ndefu, na kwamba kuyaacha ni kukata mawasiliano na maktaba ya mababu na mabibi.

Maktaba hiyo ipo na si ndogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina kubwa ya hati, nyingi zikiwa zimekusanywa na Allen miaka ya 1960. SOAS, chuo kikuu cha London, ina nyingine, zikiwamo karatasi za mmisionari W.E. Taylor na za Hichens. Hati za Msikiti wa Riyadha pale Langoni, Lamu, ambazo sehemu kubwa ni za Kiarabu, zimepigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Lakini daftari kama hili letu, lililonakiliwa na mwanamke kwa ajili ya wanawe na kuwekwa kabatini pamoja na nguo, halimo katika orodha yoyote. Sijui kazi ya haraka zaidi ya kuyaokoa madaftari kama hayo.

Aprili

Lamu. Basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, kisha boti. Idi imepita, watu wametulia.

Kabla ya kuandika tulichosikia, niandike jinsi tulivyokubaliana kusikiliza, maana jambo hili lilichukua muda kuliko kurekodi kwenyewe na lilistahili muda huo. Wanawake wanne walikuwa tayari kutusomea. Wawili walisema wazi kwamba hawataki sauti zao zisikike na wanaume wasiowajua. Mmoja aliridhia sauti yake itumike kwa kazi yetu, isiwekwe kwenye intaneti. Wa nne, mkubwa wao kwa umri, aliridhia isikike popote. Kwake yeye utendi ni mawaidha, na mawaidha hayafichwi. Mwenzetu wa kike, ambaye ni mzaliwa wa mji huu, ndiye aliyeingia ndani na kinasa sauti. Mimi nilikaa dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, na ami yake, tukazungumza habari za bei ya samaki na za mvua ya masika. Za wale wawili wa mwanzo hatukurekodi kabisa: alisikiliza huku akifuata picha za daftari, akaandika kwa mkono pale walipotofautiana nalo.

Mtafiti anayeona masharti haya kuwa kikwazo angefaa kutafuta mada nyingine. Utendi wenyewe ni maneno ya mama kwa binti, ndani ya nyumba. Ni wanawake waliounakili na kuupokezana, na wao ndio wenye haki ya kuamua unavuka kizingiti kwa namna gani.

Yaliyotokea ndani yametulipa mara nyingi. Bibi yule mkubwa hakutazama picha hata kidogo. Alisoma kwa mahadhi, macho yamefumbwa, na kila mwenzetu alipomwomba arudie kipande, hakuweza kukitoa peke yake. Ilibidi aanzie mwanzo wa ubeti, mara nyingine ubeti wa nyuma yake. Shairi limo katika pumzi yake kwa mfululizo. Palipokuwa na be tupu isiyotuambia kama ni b, p au mb, yeye alikwishapita. Palipokuwa na dhumma, aliiimba o au u bila kusita. «Usono» aliutamka kwa o mbili zilizo wazi, sauti ikishuka taratibu.

Tumepata na jambo ambalo herufi za Kirumi za shuleni hazilionyeshi. Wasemaji wa huku wanatofautisha kaa la moto na k'aa wa pwani, paa la nyumba na p'aa wa mwituni. Ya pili inatoka na pumzi. Tahajia sanifu inayaandika sawasawa. Tumeamua kuweka alama ya pumzi katika tabaka la pili kila inaposikika, hata kama msomaji wa bara ataiona kuwa ni mapambo. Kwa mtu wa Lamu hilo si pambo.

Kuna beti ambazo mpangilio wake kwa wasomaji hautokani na daftari wala na chapa. Hatujazihamisha. Tumeandika kila mpangilio na mwenyewe.

Mei

Mjadala mkali umezuka kati yetu na rafiki wa mradi, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mtu ninayemheshimu sana. Hoja yake ni kwamba toleo letu likibaki katika Kiamu, wanafunzi watalikimbia. Mwanafunzi wa bara akikuta «ndoo mbee» atafikiria chombo cha maji. Kwa nini tusiandike «njoo mbele» na kuweka Kiamu chini kwa wanaotaka?

Hoja hii ina historia nyuma yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ingawa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwa na watetezi wake, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifisha. Faida zake tunazila hadi leo: mtu wa Kigoma na wa Garissa wanaandikiana na kuelewana. Lakini lugha ambayo fasihi ya zamani kuliko zote tuliyonayo iliandikwa kwayo ilikuwa ya kaskazini: ya Pate, Siyu na Lamu. Utendi wa Tambuka, wa Mwengo bin Athumani, uliandikwa Pate mwaka 1728. Utendi wa Al-Inkishafi unalilia magofu ya Pate. Kwa hiyo ilitokea kwamba lahaja iliyobeba ushairi ikawa lahaja ya pembeni, na kijana wa Lamu akiandika «mato» (macho) au «kitwa» (kichwa) katika insha hupigwa mstari mwekundu. Sisemi mwalimu anakosea. Mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Ninachosema ni kwamba kijana huyo akifungua kitabu cha shairi la nyanyake akalikuta nalo limesahihishwa, ataamini kuwa hata nyanya alikuwa anakosea.

Sikutaka hoja ya hisia peke yake imshinde rafiki yangu, kwa hiyo tumekwenda kwenye vina. Ubeti unaofuata ule wa radhi tano unasema:

Nda Mungu na Mtumewe,
baba na mama wayuwe,
na ya tano nda mumewe,
mno imekaririwa.

Andika «wajue» badala ya «wayuwe». Mizani inabaki minane, lakini kina cha we kimevunjika katikati ya ubeti, kwani w imeondoka pamoja na y. Beti nyingine zinavumilia mabadiliko: «ndoo mbee» na «njoo mbele» zina mizani sawa na hakuna kina kinachoguswa. Tatizo ni kwamba ukianza kusanifisha zile zinazovumilia na kuziacha zisizovumilia, unapata shairi lenye lahaja mbili, jambo ambalo Mwana Kupona hakulitunga na hakuna msomaji wa Lamu anayelisoma hivyo.

Tumekata shauri: safu kuu ni Kiamu. Maneno magumu yanaelezwa pembeni kwa Kiswahili sanifu, ubeti kwa ubeti, ili mwanafunzi wa Dodoma au wa Kakamega asihitaji kamusi. Rafiki yetu amekubali kuyasoma maelezo hayo na kutuambia yapi hayaeleweki. Ameshaturudishia kurasa za mwanzo zimejaa alama za kalamu, nasi tunamshukuru kwa dhati.

Juni

Nimefika kwenye ubeti ambao matoleo ya shule huupita haraka. Mwana Kupona anamwonya binti yake asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi, wasije wakamvutia mabaya.

Siwezi kuupita haraka. Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala, katika mji ambao utumwa ulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku, na aliona ulimwengu kutoka kwenye kiti hicho. Hali ya utumwa katika pwani ya Kenya haikuondolewa kisheria hadi mwaka 1907. Leo katika mitaa ileile wanaishi wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa, wameoana, wanasali safu moja, na utendi unasomwa na wote. Tunaposema kwa fahari kwamba utendi huu ni utambulisho wa Waswahili, lazima tujue kwamba utambulisho huo ulikuwa na vyumba vya juu na vya chini, na kwamba shairi limetoka juu.

Mmoja wa wasomaji wetu wa Aprili huuruka ubeti huo. Wengine wanausoma. Hatukumwuliza anayeuruka sababu yake, kwa kuwa swali hilo, likiulizwa na wageni wenye kalamu, linamlazimisha mtu kutaja nasaba yake. Katika toleo, ubeti umo mahali pake, wenye maelezo yanayosema ukweli huo kwa maneno manne au matano ya wazi, na maelezo mengine yanayosema kuwa wapo wasomaji wanaouacha. Kuacha nako ni usomaji.

Julai

Huu ndio mwezi ambao mradi umenifundisha kitu nilichokuwa sikitarajii, na nitakieleza kwa kirefu.

Utendi wa Mwana Kupona unajulikana madarasani kama shairi la utii wa mke. Sababu ni radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Kisha zinafuata beti za jinsi ya kumtunza mume, amtunze kama mtoto asiyejua kusema, aangalie kila kinachotoka na kuingia nyumbani. Wahakiki wamegawanyika. Kuna wanaoona hapa mwanamke aliyekubali kufungwa. Wengine, hasa tangu Ann Biersteker alipoutazama upya utendi huu mwaka 1991, wanauliza kama mke anayeambiwa amlee mumewe kama mtoto mchanga kweli ndiye mwenye cheo cha chini katika nyumba hiyo. Ni mjadala mzuri na utaendelea.

Lakini wasomaji wetu wa Lamu, walipoambiwa wachague sehemu wanayoipenda, hakuna hata mmoja aliyechagua hapo. Wote walikwenda mwisho, kwenye dua.

Nimerudi kwenye utendi wote nikiwa na swali hilo kichwani, na umbo lake limebadilika mbele yangu. Unaanza na ugonjwa wa mwaka mzima. Mama anaomba wino na karatasi. Anamwambia mwanawe kuwa mwanadamu si kitu na ulimwengu si wetu. Anamwahidi hirizi, amfunge kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani cha kumvika shingoni, na hirizi hiyo na kidani hicho ni maneno haya anayoyatunga. Baada ya hapo ndipo yanakuja mawaidha: dini, adabu, watu, mume, nyumba. Halafu mawaidha yanaisha, naye hanyamazi. Anamgeukia Mungu na kuomba, kwa ajili ya wanawe, jamaa zake na nafsi yake, kwamba amwondolee maradhi. Sehemu hiyo ni ndefu. Mtu aliyesoma vipande vya mitihani pekee hajui kwamba ipo, kwa sababu vipande hivyo hukatwa katikati, kwenye mume.

Wanawake hawa wanausoma utendi mgonjwa anapokuwa nyumbani. Wanausoma binti anapoolewa, ndiyo, na hapo radhi tano zina uzito wake, lakini hata siku hiyo hawakatishi kabla ya dua. Bibi mkubwa alipofika kwenye maombi ya shifaa, yaani ya kuponywa, mahadhi yake yalibadilika yakawa ya chini na ya taratibu zaidi, na katika rekodi zinasikika sauti za wanawake wengine waliokuwamo chumbani zikiitikia amin. Hakuna chapa iliyoweza kunipa hilo.

Kwangu mimi hii inabadilisha swali. Tumekuwa tukiuliza Mwana Kupona anamfundisha nini mke. Wasomaji wake wanamsikia mama anayejua kwamba huenda hatapona, ana binti ambaye baba yake amekwisha kufa, naye anahangaika kumwachia kila kinga aliyo nayo: ya adabu, ya ndoa, ya dini, na mwisho ya dua. Mume katika mpango huo ni kinga mojawapo, kubwa kwa mwanamke wa wakati ule, lakini si kilele cha shairi. Sidai kwamba usomaji huu unafuta ule wa wahakiki. Nadai kwamba toleo lolote linalokata dua limekata shairi, na kwamba tuliwahitaji watu wasiotazama karatasi watuambie hivyo.

Maelezo ya sehemu ya dua tunayaandika upya yote. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeyafupisha.

Agosti

Hali ya kazi. Tabaka la kwanza limekamilika na limehakikiwa na picha. La pili limekamilika isipokuwa vipande vichache vya dua vyenye majina ya Mungu kwa Kiarabu, ambavyo mwenzetu anavipitia na ustadhi wake wa zamani wa chuoni. La tatu lina mapengo ambayo hatutayaziba kwa kukisia. Sauti ya bibi mkubwa imepangwa ubeti kwa ubeti, na ukigusa namba unamsikia. Ile ya msomaji wa tatu imehifadhiwa kwa kazi yetu peke yake kama tulivyomwahidi.

Tumechapa nakala za majaribio. Ya familia yenye daftari imefungwa kwa kitambaa, na hati za Kiarabu zimekuzwa ili wajukuu wajifunzie kusoma mwandiko wa bibi yao. Wamejitolea wenyewe kukaa pamoja Ijumaa alasiri, mkubwa akiwafundisha wadogo kwa kutumia tabaka zetu mbili. Nakala za wasomaji wanne zina herufi kubwa zaidi kwa sababu ya macho, na mwenzetu amezipeleka nyumba kwa nyumba. Mmoja ameirudisha yake na masahihisho matatu, mawili tumeyaingiza, na la tatu tumeliandika kama usomaji wake kwa kuwa bibi mkubwa hakubaliani nalo.

Kinachofuata ni Siyu. Mwana Kupona aliishi huko akiwa mke wa Bwana Mataka, na Kisiu si sawasawa na Kiamu. Tunataka kujua kama wapo wanaousoma utendi huu Siyu kwa mapokeo yao wenyewe au kama wanaufuata usomaji wa Lamu, mahadhi yao ni yapi, na dua wanaisoma hadi mwisho au la. Boti za kwenda Pate zinapita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakijaa, na kusi bado inavuma, kwa hiyo tutasubiri bahari itulie. Mwenzetu ameshaandika barua kwa shangazi yake aliyeolewa huko, aulize kwanza ni nani wa kuombwa ruhusa.